Hapa Pana Shangazi

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Shangazi anayekusomea barua hii. Nimeambiwa kwamba baada ya upasuaji macho yote mawili yamefungwa bendeji, unalala kifudifudi mchana kutwa, na daktari amekuruhusu kuinuka kwa kula na kuoga tu. Simu nayo ndiyo hivyo: hapo kwa Shangazi mtandao unapatikana ukisimama juu ya tangi la maji, na sikuoni ukipanda huko na bendeji zako. Basi nimerudi kwenye kalamu na bahasha. Dereva wa basi la asubuhi ameshanizoea, akiniona tu ananyoosha mkono.

Kazini kiti chako hakijakaliwa. Mtu wa mapokezi alikiwekea ua la plastiki, nikaliondoa, maana lilifanya paonekane kama pana msiba.

Sasa habari yenyewe. Ile zana yetu ya majaribio, tuliyoiota tangu mwaka jana, imeanza kuwa na sura. Wewe unajua yote haya, lakini msomaji wetu hajui, na sitaki alale katikati ya barua. Shangazi, nisikilize kidogo. Programu yetu hukokotoa dozi za watoto hospitalini. Imeandikwa kwa JavaScript, ambayo ni lugha ya kompyuta, na imegawanywa vipande tunavyoviita moduli. Moduli ya dozi humuuliza jirani yake, moduli ya mizani: mtoto ana kilo ngapi? Mizani hujibu, dozi hukokotoa. Tukitaka kuipima dozi peke yake, tunaitenga na jirani zake. Tunaitoa mizani ya kweli na mahali pake tunaweka mbadala, kijitu cha uongo ambacho kila kikiulizwa kinajibu "kilo kumi." Hapo jibu la mwisho likiharibika tunajua mwenye kosa ni dozi, hatusingizii jirani.

Mpaka leo Dada hufanya hayo kwa kuandika amri ndefu anazozielewa yeye peke yake. Mimi nataka ukurasa mmoja wa skrini. Kila moduli ni duara, na mistari inaiunganisha na jirani zake. Unagusa jirani, unamwekea mbadala, unabonyeza kitufe. Jaribio likifaulu duara linakuwa la kijani, likianguka linakuwa jekundu. Nimeweka michoro ndani ya bahasha, Shangazi akueleze.

Kila nikichora ninamkumbuka msichana mmoja aliyenikalisha mbele ya kompyuta ya kuazima, mimi na kaptula yangu iliyochanika nyuma, akaniambia: andika jina lako, kisha iamuru ikusalimie. Ikanisalimia. Nilikimbia kumwita kila mtu nyumbani aje kuona. Sijawahi kukushukuru sawasawa kwa siku ile, Dada. Asante. Kazi yangu yote imetoka kwenye salamu ile.

Niambie ukweli kuhusu michoro, bila kunionea huruma, kama kawaida yako.

Mdogo wako,
Kitinda


9 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Maneno ni ya dada yako, mkono ni wangu.

Barua tumeipata na bahasha haikulowa. Nimemweleza michoro duara kwa duara mpaka mate yakanikauka. Dada yako anasema kazi ni nzuri sana. Kijani kimempendeza mno. Anasema endelea hivyo hivyo na usibadilishe kitu. Alisema na mengine, ila yalikuwa marefu na mimi nilikuwa na sufuria jikoni.

Macho yanaendelea vizuri. Chakula anakula. Usingizi anapata. Muuguzi anakuja kumtia dawa, binti mchangamfu, ila anasema kila kinachomjia mdomoni.

Sasa ni mimi mwenyewe ninayeuliza. Hicho kijitu chenu cha uongo kinachojibu jibu moja, hakichoki? Kingenifaa sana hapa mlangoni. Kila anayepita anataka kujua hali ya dada yako, na mimi nasimama pale tangu asubuhi nikisema "anaendelea vizuri, anaendelea vizuri," mpaka majirani wananiitikia kabla sijamaliza.

Usiache kula kwa ajili ya maduara.

Kwa niaba ya dada yako,
Shangazi


14 Machi

Dada mpendwa, na Shangazi,

Nilisoma barua yenu mara mbili nikiwa nimesimama pale pale kituoni. Dada, wewe kusema "nzuri sana"? Ulipoiona programu yangu ya kwanza ya mshahara ulisema inanuka. Nimefurahi mpaka nimejishangaa. Basi nimeendelea hivyo hivyo kama ulivyoagiza. Maduara sasa ni madogo zaidi ili moduli zote zienee kwenye skrini moja, na nimeongeza vivuli vya kijani: kijani kilichokolea kwa jaribio la leo, kijani hafifu kwa la zamani. Wino wa rangi umeisha hapa ofisini, kwa hiyo michoro ya safari hii nimeichora kwa penseli. Rangi mtazikisia.

Ninashukuru kupata maoni yako hata ukiwa umelala. Hakuna mwingine ninayeweza kumwonyesha kitu kibichi bila kuona haya.

Shangazi, kuanzia hapa usimsomee Dada. Meneja amesema zana itaonyeshwa mwisho wa Aprili, na atakayeionyesha lazima awe Dada mwenyewe. Akishindwa kuitumia mbele yake siku hiyo, kiti chake atapewa mtu mwingine. Unajua kazi hii ni nini kwake. Ameijenga programu ile tangu ikiwa mistari ishirini. Nimemwambia Meneja kwamba atakuwa amepona kabisa, na kusema kweli nilisema hivyo kwa ujasiri nisiokuwa nao. Wewe ndiye unayemwona kila siku. Je, atakuwa amepona? Nijibu mimi peke yangu.

Mdogo wako,
Kitinda


20 Machi

Mwanangu Kitinda,

Bendeji zimetoka! Daktari ameridhika. Dada yako anaona, anatembea, ananigombeza kwa nini nimehamisha kiti. Kuhusu lile uliloniuliza peke yangu, jibu ni ndiyo. Atakuwa amepona, tena kabisa. Tuliza moyo.

Michoro ya safari hii imempendeza kuliko ya kwanza. Anasema zile rangi umezipatia hasa.

Kwa niaba ya dada yako,
Shangazi


24 Machi

Shangazi,

Barua hii ni yako peke yako, usimsomee Dada.

Rangi zipi? Michoro ilikuwa ya penseli.

Ninakuheshimu mno, Shangazi yangu, na ninajua unavyojitesa kumuuguza, lakini hapa sijaelewa. Meneja ananiuliza kila asubuhi kama Dada ataweza kukaa mbele ya skrini, na kila asubuhi ninamjibu kwa kutegemea barua zako. Tafadhali, niambie Dada anaona nini hasa.

Kitinda


28 Machi

Kitinda,

Huu ni mkono wangu. Nimelaza rula juu ya karatasi ili nisipotee mstari, na muuguzi amekaa kando ananiambia nikianza kuandika juu ya meza. Ukiona herufi zinapanda mlima, zisamehe.

Barua yako ya mwisho ilifika Shangazi akiwa sokoni. Nikamwomba muuguzi anisomee. Akaanza: "Barua hii ni yako peke yako, usimsomee Dada." Hakusita hata kidogo, akaendelea na mstari unaofuata kama anayesoma maelezo ya dawa. Nikamwambia aende kabatini alete na zile nyingine. Tukazisoma zote tukiwa tumekaa kitandani, na nakala zilizoharibika za majibu ya Shangazi pia, maana yeye hatupi karatasi.

Basi sikiliza ukweli. Macho hayakupona. Naona mwanga wa dirisha, naona umbo la mtu aliyesimama mlangoni. Katikati pana ukungu, na daktari amesema ukungu huo ndio utakaobaki. Kijani chako na chekundu chako kwangu ni kitu kimoja. Maduara yako siyaoni kabisa, madogo wala makubwa. Siku ile ile ya barua ya kwanza nilimwambia Shangazi aandike hivi: "Ondoa maduara. Nipe maneno. Naogopa sitaiona skrini hiyo." Ndipo yeye akakuandikia kwamba kijani kimenipendeza.

Nilimgombeza. Alilia. Nami nikalia, jambo ambalo daktari hakulipenda. Akasema hakutaka ufe moyo huko peke yako, na hakutaka mimi nisikie chochote cha Meneja kabla sijapata nguvu. Kila mmoja wetu alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mpakaji alikuwa na upendo wa kweli. Nifanye nini na mtu kama huyo?

Halafu jioni nikaanza kucheka peke yangu, Shangazi akadhani nimeharibikiwa na kingine. Kitinda, umeona? Yeye ndiye mbadala! Ulitengwa na mimi, akawekwa yeye kati yetu, na kila ulipouliza ulijibiwa "kilo kumi." Majaribio yako yote yalikuwa ya kijani, ukawa unatembea kifua mbele huko ofisini, kumbe hujawahi kunipima mimi hata mara moja.

Na zana yako ina ugonjwa huo huo. Mbadala wako wa mizani hujibu vizuri daima. Mizani ya kweli je? Betri ikiisha hunyamaza. Nayo JavaScript haipigi kelele ukiipa kimya ikizidishe: inatoa jibu ambalo si namba, inaendelea na safari, na kisanduku cha dozi kinabaki kitupu, muuguzi wa wodi anabaki kukisia na mtoto mkononi. Huyu aliyekaa hapa kando yangu anasema limeshamkuta, kwa programu nyingine, na hakulisema kwa kucheka.

Kwa hiyo nataka hivi. Kila jaribio liwe sentensi ambayo kompyuta inaweza kunisomea: moduli ipi, nani kawekwa badala ya nani, kaulizwa nini, tulitarajia nini, tumepata nini. Kila kitu kifanyike kwa kibodi, nisiwinde kitu kwa kipanya. Na kila mbadala ambaye hajawahi kulinganishwa na mwenye nafasi yake, zana initangazie. Isimfiche eti kwa sababu jibu lake ni tamu.

Na wewe, bwana "usimsomee Dada," sikukulea uje uwe kilo kumi.

Lakini ile habari ya kaptula nilimwomba muuguzi airudie. Asante kwa kuikumbuka. Kiti changu ninakitaka, Kitinda. Ninakitaka kuliko ninavyoweza kuandika na rula.

Dada yako


31 Machi

Dada mpendwa,

Nisamehe. Nilipoona herufi zako zinapanda mlima nilikaa chini kwenye ngazi za kituo, watu wakawa wananiruka. Kisha nikafika pale kwenye kilo kumi nikacheka kwa sauti, na yule dereva akaniuliza kama ni habari njema au mbaya. Nikamwambia zote mbili.

Nimefuta maduara yote. Meneja nimemwambia ukweli wote, kuhusu macho yako na kuhusu mimi kumdanganya. Hakufurahi. Alisema, "Akiweza kuitumia, aje aitumie. Asipoweza, hakuna wa kulaumiwa." Tarehe ni ile ile, na mimi sitaruhusiwa kuingia chumbani, eti nisije nikakunong'oneza.

Ndani ya sanduku hili pana kompyuta yako na visikizio. Usitafute skrini, hata usiifungue sana. Bonyeza mshale wa chini, utasikia jaribio moja moja. Hivi ndivyo linavyosema: "Moduli ya dozi. Mizani imetengwa, yuko mbadala. Mbadala amenyamaza. Ilitarajiwa: ombi la kupima tena. Imepatikana: si namba. Jaribio limeanguka." Nilipolisikia kwa mara ya kwanza nilifumba macho nifanye kama wewe, na kitu cha ajabu kikatokea: nikaelewa mpangilio wa programu yetu kuliko nilivyouelewa kwa kuangalia. Maduara yalikuwa yananipendeza, basi. Hayakuwa yananiambia kitu. Ninakushukuru kwa hilo, na ninasikitika namna nilivyolipata.

Mbadala wa kutangazwa nao nimewashughulikia. Zana ikikutana na mbadala anayejibu vizuri tu, ambaye hajawahi kulinganishwa na mwenyewe, inasema: "Hapa pana shangazi. Muulize mwenyewe."

Shangazi, usinune. Nitalibadilisha ukisema nilibadilishe. Lakini kabla hujasema, ujue kwamba ninajua ni nani aliyemgeuza Dada ubavu, akamwosha nywele bila tone moja kuingia machoni, akasimama mlangoni kuwazuia wageni ili mgonjwa alale. Ningekuwa na shukrani za kutosha ningekufungia kwenye sanduku hili. Ila ukiandika, andika anachosema.

Mdogo wako, na mwanao,
Kitinda


4 Mei

Mwanangu Kitinda,

Maneno haya nusu ni ya dada yako, nusu ni yangu, na tumekubaliana kila nusu ijulikane ni ya nani. Nikimaliza namsomea yote kabla ya kubandika bahasha. Siku hizi ndiyo sheria ya nyumba hii.

Ninaanza mimi. Siku ya maonyesho ulitukumbatia pale kwenye ngazi za ofisi ukasikia tu kwamba kiti bado ni chake, tukakimbilia basi. Hujui uliyoyakosa ukiwa umefungiwa nje ya mlango.

Niliruhusiwa kuingia kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono. Meneja alikuwa amekaa na wenzake, amevaa uso wa mtu anayesubiri basi lililochelewa. Akasema, "Kuna kitu nimebadilisha ndani ya majaribio yenu. Tafuta." Dada yako akavichomoa visikizio ili wote wasikie, akaweka vidole kwenye kibodi. Skrini aliiinamisha chini kabisa. Sijui kama alifanya kwa makusudi, lakini niliona mmoja wao akiitazama kwa masikitiko.

Sauti ikaanza. Jaribio limefaulu. Jaribio limefaulu. Jaribio limefaulu. Meneja akatabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda. Nikajua amemtegea. Nikataka kumwambia dada yako "twende nyumbani, umejitahidi," nikauma ulimi, maana nimeahidi. Mara sauti ikasema: "Hapa pana shangazi. Muulize mwenyewe."

Nikasimama nikasema, "Naam!"

Wote wakageuka. Dada yako akacheka mpaka akalaza paji la uso juu ya meza. Alipomaliza kucheka akajifuta macho, akabonyeza bonyeza, akamtoa yule mbadala, akaweka mizani ya kweli isiyo na betri. "Si namba. Jaribio limeanguka." Akamgeukia Meneja, upande alikosikia kiti kikilia, akamwambia, "Ulimwondoa mbadala anayenyamaza, ukaweka anayejibu kilo kumi kila mara. Programu ingefika hospitalini hivyo hivyo, tungemuumiza mtoto wa mtu." Meneja akakuna kichwa, kisha akauliza, "Unarudi lini?"

Hapo nililia, na sijutii.

Jina liache lilivyo. Binti wa mapokezi kule ofisini aliniambia siku ile kwamba sasa wakimwona mtu anamsifia mwenzake bila kuikagua kazi wanamwambia asiwe shangazi. Mwanzoni lilinichoma. Halafu nikafikiri: nimezeeka bila kuwa na kitu chenye jina langu, na sasa kompyuta inaniita ili mtoto asipewe dozi mbaya. Asante, mwanangu. Kunirekebisha mmenirekebisha, ila hamkunitupa.

Sasa anazungumza dada yako. Anasema michoro ile ya kwanza ilikuwa mibaya. Nimeandika. Anasema hiyo ya penseli pia. Nimeandika. Anasema sauti ya zana inameza mwisho wa maneno, uirekebishe kabla hajafika ofisini Jumatatu ijayo. Nimeandika.

Anasema hivi: "Mwambie Kitinda kwamba tangu macho yalipoanza kufifia, kitu nilichokiogopa kuliko giza ni kwamba siku moja nitaandika jina langu kwenye kompyuta na haitanisalimia. Nilimfundisha yeye salamu ile akiwa na kaptula iliyochanika. Siku sanduku lilipofika nilifungua zana yake, na kabla ya jaribio la kwanza ikanisalimia kwa jina langu. Sikumwagiza aweke hilo. Mwambie asante."

Hapo sijaongeza neno, mwanangu. Nilitaka kuongeza, akanishika mkono.

Shangazi, na dada yako